Kanzu, joho au suti nyeusi? Naomba ushauri kuhusu mavazi na meza za kulia katika meli za anasa

MwalimuMstaafu (Mikindani)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Naandika nikiwa na jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, lakini limetukosesha usingizi mimi na mke wangu tangu mwezi uliopita. Mwanetu wa pili, ambaye ni muuguzi nchini Uingereza, ametulipia safari ya kuvuka Bahari ya Atlantiki mwezi Julai, kutoka Southampton hadi New York, siku saba majini ndani ya meli ya Queen Mary 2. Nimefundisha kwa miaka thelathini na minne, na chombo kikubwa kuliko vyote nilichowahi kupanda ni boti ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Sasa naambiwa nitalala katika meli yenye urefu wa mita 345, ambayo nikijaribu kuiegesha kwa macho kwenye gati letu jipya la Mtwara lenye mita 300, naona tezi lake linabaki linaning'inia baharini.

Bahari tumeizoea. Kinachotutia hofu ni chumba cha kulia. Maelezo aliyonitumia kijana yanasema kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni mwanamume anatakiwa avae kwa unadhifu, na kwamba katika safari ya siku saba kwa kawaida huwa kuna jioni mbili za karamu kuu, ambazo wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, na wanawake magauni marefu. Kijana ananishauri nikodi suti hiyo hukohuko Uingereza. Moyo wangu unakataa, kwa sababu ninayo kanzu niliyoivaa siku ya kumwozesha dada yake, na sioni ni heshima gani iliyopungua siku ile.

Mke wangu ana swali lake, nalo anasema ndilo kubwa: tutakula nini, na nani atatuhakikishia kwamba tunachokula ni halali? Mwenye kujua kwa uzoefu, si kwa kusikia, tafadhali atusaidie.

MhudumuWaZamani (Shangani, Mtwara)

Mwalimu, shikamoo, na umpe shikamoo yangu mama pia.

Kwa miaka sita nilikuwa mhudumu wa meza katika meli za kitalii. Niliingia nikiwa mbeba sahani na nikatoka nikiwa na meza zangu tano. Meli mtakayopanda sikuifanyia kazi, lakini kanuni zake tulizijua vizuri, kwa sababu wageni wengi waliokuja kwetu walikuwa wametoka huko, nao hawakuchoka kulinganisha.

Kuhusu kanzu, mwambie kijana asikodi kitu. Kanuni za kampuni ya Cunard, yenye meli hiyo, zimekuwa zikitaja waziwazi vazi rasmi la kitaifa, pamoja na sare za kijeshi, miongoni mwa mavazi yanayokubalika katika jioni za karamu, na ndiyo sababu Waskoti huingia humo na vazi lao lenye marinda bila mtu kuwauliza. Nilikokuwa mimi, jioni moja aliingia mgeni kutoka Nigeria akiwa amevaa agbada, joho pana la kwao, ya buluu iliyodariziwa kifuani, na mkuu wetu wa wahudumu, mtu ambaye kwa kawaida hakuinua macho kwenye daftari lake, alisimama akamsindikiza mwenyewe hadi mezani. Jioni hiyohiyo bwana mmoja mwenye fedha nyingi alirudishwa mlangoni kwa sababu ya viatu vya mazoezi. Ukivaa kanzu yako na joho au koti juu yake, kofia ya viua na viatu vya ngozi, utakuwa umevaa kwa ukamilifu kuliko nusu ya watakaokuwa na tai. Nasisitiza koti au joho. Kanzu peke yake, kwa mtu asiyelijua vazi letu, yaweza kuonekana kama nguo ya kulalia, na hutaki kusimama mlangoni ukitoa somo huku foleni ikirefuka nyuma yako.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawaelezwi ni kwamba masharti ya mavazi hayaihusu meli nzima kwa usawa. Mchana vaa upendavyo. Jioni, atakayechoka kujipamba anaachiwa sehemu zake: katika Queen Mary 2 kuna mkahawa wa bufee uitwao Kings Court, na kuna baa ya Golden Lion, ambako mtu aweza kula akiwa na mavazi ya kawaida hata siku ya karamu. Kwa hiyo nguo unayovaa ndiyo inayoamua utakula wapi. Anayevaa jinzi hafukuzwi melini, ila anahama chumba.

Jambo la tatu ni meza yenyewe. Katika meli hiyo mkahawa wako unategemea chumba chako cha kulala. Wenye vyumba vya kawaida hula Britannia, ambao ndio mkubwa, kwa zamu mbili: ya kwanza saa kumi na mbili jioni, ya pili saa mbili na nusu usiku. Juu yao kuna Britannia Club, halafu Princess Grill, halafu Queens Grill, na hao wa Grill hula saa waitakayo kwenye meza waliyotengewa wao tu. Mwenye chumba cha Britannia hawezi kuketi Queens Grill hata akivaa taji. Zamani meli zilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Majina hayo yamefutwa, lakini ukitaka kuyaona tena, subiri saa ya chakula cha jioni.

Sasa nije kwenye swali la mama, ambalo naungana naye kwamba ndilo kubwa. Nguo waweza kuirekebisha dakika kumi kabla ya kutoka chumbani, lakini chakula halali hakipatikani kwa kuomba mezani. Kijana aliyelipia safari aandikie kampuni mapema, wiki nyingi kabla ya kuondoka, aeleze mnachokula na msichokula, kisha atunze jibu lao. Siku ya kwanza, kabla hamjaketi, mtafuteni mkuu wa wahudumu mumwonyeshe jibu hilo. Sisi tulikuwa na utaratibu kwamba mgeni mwenye masharti ya chakula analetewa kila jioni menyu ya kesho yake, anachagua, na jikoni wanaandaa cha kwake pembeni. Ulizeni utaratibu huo kwa jina la "menyu ya kesho" na msione haya. Si upendeleo, ni kazi yao.

Ikiwa nyama iliyochinjwa kwa sheria haikupatikana, kimbilieni samaki na mboga, lakini hapo napo kuna mitego. Mchuzi wa samaki katika mapishi ya Kifaransa mara nyingi huzimuliwa kwa mvinyo mweupe, hivyo agizeni samaki wa kuchomwa na mchuzi uwekwe kando au usiletwe kabisa. Vitamutamu vinavyotetemeka kama jeli huwa na gelatini, na gelatini nyingi hutokana na nguruwe. Hata barafu tamu ya matunda inayoletwa katikati ya mlo wakati mwingine hutiwa kileo. Nilimwona mzee mmoja kutoka Malaysia aliyejihadhari na nyama safari nzima, kisha akaletewa barafu hiyo. Nilimnong'oneza kabla hajatia kijiko, na nikakemewa jikoni kwa kuchelewesha meza.

FundiCherehani (Soko Kuu, Mtwara)

Shikamoo Mwalimu. Ndugu yangu Mhudumu amesema kweli kuhusu joho, ila mimi naongeza ya kitambaa, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapoumbuka.

Kanzu nyingi tunazoshona hapa ni nyepesi, kwa joto letu na jasho letu. Ndani ya meli hizo viyoyozi havilali, na mwezi Julai huko juu baharini si Julai ya Mikindani. Shona kanzu ya kitambaa kizito kidogo, rangi ya maziwa badala ya nyeupe ya karatasi, kwa sababu nyeupe ile chini ya taa kali huonyesha fulana ya ndani na kila mstari wake. Joho liwe jeusi. Kama mojawapo ya jioni hizo ni ya nyeusi na nyeupe, basi utakuwa umetimiza sharti lao bila kubadilisha chochote, na watadhani ulipanga tangu mwanzo. Darizi iwe ya uzi wa hariri usiong'aa sana, shingoni na kifuani tu.

Usipange kupiga pasi chumbani, kwani pasi za umeme huwa haziruhusiwi katika vyumba vya kulala vya meli kwa hofu ya moto. Meli hiyo ina vyumba vya kufulia vyenye pasi, na kanzu ipelekwe huko asubuhi kabla watu hawajajaa. Ikunjwe kwa kuviringishwa, si kwa kupigwa mikunjo minne kama shati la dukani.

Makubadhi uyaache nyumbani. Nayapenda na nayauza, lakini vidole vikiwa nje, utakuwa umempa mlinda mlango sababu ya kukutazama mara mbili.

MtembeaHuru (Masasi)

Naheshimu michango iliyotangulia, ila nauliza: kwa nini mzee wa watu alipe fedha, au alipiwe, halafu apangiwe nguo kama mwanafunzi wa bweni? Mwanzoni mwa mwaka 2024 meli ya Norwegian Dawn ilikuja Dar es Salaam na Zanzibar, na wengi wetu tuliona picha za watalii wakishuka na kaptula. Kampuni yake, Norwegian Cruise Line, ilianzisha mwaka 2000 mtindo wa kula kwa uhuru: hakuna zamu, hakuna meza ya kudumu, wala hakuna jioni ya kulazimishwa tai. Unakula unapohisi njaa, na unayetaka kuketi naye. Viking nao, ambao ni wa bei ya juu zaidi, hawana jioni za suti nyeusi kabisa. Ikiwa matajiri wenyewe wameanza kuchoka na tai, sisi wa korosho tunaishikilia ya nini?

MhudumuWaZamani

MtembeaHuru, unayosema ni kweli, na kwa mtu wa umri wako ningekushauri huko. Tofauti ni kwamba Mwalimu hakuchagua meli, amezawadiwa. Pia uhuru wa kuchagua mkahawa una bei yake. Katika meli za namna hiyo vyumba vikuu vya kulia vimo ndani ya nauli, lakini mikahawa maalumu, ule wa nyama za kuchoma, ule wa Kifaransa, ule wa Kijapani, hutozwa fedha za ziada, na familia ya watu wanne ikizunguka yote hushangaa siku ya kufunga hesabu. Juu yake kuna bakshishi inayokatwa kila siku kwa kila mtu, kati ya dola 15 na 20 hivi katika kampuni nyingi kubwa. Kampuni za anasa hasa, kama Regent, Silversea na Seabourn, huingiza bakshishi katika nauli, na wageni wao hukaa meza yoyote wakati wowote, ila nauli yenyewe ukiitazama unaweza kuhitaji kukaa kwanza.

BintiLindi

Mwalimu, shikamoo. Naona wanaume wamezungumza kwa kirefu juu ya joho na makubadhi, na mama ameachwa na sentensi ya magauni marefu.

Mama asihangaike. Sharti la wanawake ni jepesi kuliko la wanaume: gauni refu la heshima linatosha, na mtandio au hijabu si tatizo. Tatizo la buibui jeusi ni dogo, kwamba likivaliwa kila jioni litaonekana sare ya kazi kati ya rangi zile zote. Ashone magauni mawili ya kitambaa kinachoanguka vizuri, moja jeusi na jingine la zari, na mitandio minne. Kitambaa kimoja cha kanga kiwemo begani mwake kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi, na akiulizwa maandishi yale yanasema nini, atakuwa amepata mazungumzo ya meza nzima.

Hizo jioni za rangi maalumu zisiwatishe watu wanaotoka katika nchi ya sare za harusi. Sisi huambiwa miezi mitatu kabla kwamba kamati itavaa kijani cha mkufu wa chura, tunachangia, tunashona, tunavaa, na atakayekuja na rangi yake anakaa nyuma karibu na spika. Wazungu wametofautiana nasi kwa kutochangisha kitambaa.

Mnewala

Nimesoma kwamba meli hizo za Cunard huwa pia na karamu ya vinyago, wageni wanafunika nyuso. Mwalimu akipata nafasi katika mzigo, achukue lipiko moja, kinyago cha uso cha Wamakonde, kutoka kwetu Newala. Sina la kuongeza.

MwongozaWageni (Kilwa Masoko)

Napenda kuwaelezeni upande wa pili wa jambo hili, kwa kuwa mimi nawapokea watu haohao wakishuka.

Meli ndogo za kitalii huja kutia nanga hapa Kilwa, na wageni huletwa Kilwa Kisiwani kwa boti za mpira kutazama Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, magofu ambayo pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Nikiwa na kundi moja, bibi mmoja wa makamo aliyekuwa mcheshi sana alinieleza kwamba lazima awahi kurudi melini kwa sababu jioni hiyo ilihitaji gauni na viatu virefu. Alipokuwa akinieleza hayo alikuwa na kaptula fupi na kifulana kisicho na mikono, tumesimama katikati ya kijiji, mbele ya wazee waliotoka kuswali adhuhuri. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hakuna aliyemwambia.

Nilipomwomba ajifunge kanga niliyokuwa nayo, alishukuru, akajifunga, na akauliza kwa nini karatasi ya ratiba waliyopewa ilieleza kwa undani mavazi ya chakula cha jioni bila kugusa mavazi ya kijijini. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo natembea na kanga sita mkobani, na nimewaomba viongozi wa misafara watangaze jambo hili usiku wa kuamkia kushuka. Baadhi hutangaza, wengine husahau. Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 aliandika habari za ucha Mungu wa watu wa Kilwa, na waliopo leo bado wangependa wageni wafunike mabega na magoti.

Kwa hiyo, Mwalimu, unapoona kwamba wao wamejiwekea kanuni za meza yao, zifuate kwa moyo mkunjufu. Ni haki ya mwenye nyumba. Nami naendelea kuidai ya kwetu.

MsomajiWaZamani (Lindi Mjini)

Kwa wanaopenda asili ya mambo: kuchagua chakula melini si desturi ya kale. Kampuni ya Cunard ilipoanza safari zake mwaka 1840 kwa meli iitwayo Britannia, ambayo ndiyo iliyoupa jina mkahawa atakaokula Mwalimu, abiria walipata walichopikiwa, na meli ilibeba ng'ombe mmoja ili pawe na maziwa. Kwa miongo mingi baadaye, hata matajiri waliitwa kwa saa moja na kulishwa menyu moja. Mkahawa wa kuagiza kwa kuchagua na kulipia kando, uliopewa jina la Ritz-Carlton, ulifunguliwa katika meli ya Kijerumani ya Amerika, iliyoanza safari zake Oktoba 1905 kutoka Hamburg kwenda New York.

Mwaka huo kwetu una maana nyingine. Julai 1905 vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza katika milima ya Umatumbi, upande wa Kilwa, kwa sababu ya pamba ambayo Wajerumani walilazimisha watu wailime. Siku abiria wa Hamburg walipokuwa wakifungua menyu yao ya kwanza, babu zetu wa kusini walikuwa vitani. Samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada. Kila nikisoma juu ya meli hizo tarehe zinanijia pamoja.

MwalimuMstaafu

Ndugu zangu, nimesoma michango yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mke wangu asikie.

Tumeamua hivi. Suti haitakodiwa. Joho jeusi limeagizwa, na Fundi nitamfuata sokoni Jumamosi na kanzu ya zamani iwe kipimo, ingawa nimenenepa kidogo tangu harusi ile. Mama amekubali magauni mawili na ameongeza la tatu, akisema BintiLindi hajui kuhesabu jioni. Kijana ameandika barua kwa kampuni kuhusu chakula, na nimemwelekeza aulize mambo matatu kwa maneno mafupi: nyama, mvinyo katika michuzi, na gelatini.

Kuhusu zamu, kijana alikuwa ametuchagulia ya pili, akidhani wazee hupenda kula usiku kama watu wakubwa wa Ulaya. Nilipotazama majira niliona kwamba mwanzoni mwa Julai jua la Southampton huzama baada ya saa tatu usiku, hivyo anayeketi saa mbili na nusu ataingiliwa na magharibi katikati ya mlo, akiwa na kitambaa mapajani na sahani ya pili haijaletwa. Tena saa za melini zinarudishwa nyuma jumla ya saa tano hadi kufika New York, na sitaki kufanya hesabu hiyo mezani. Nimemwambia abadilishe, tule zamu ya kwanza, tumalize, turudi chumbani kwa utulivu.

Limebaki swali moja la mke wangu, nalo kalishikilia: je, anaweza kuingia na kichupa chake cha pilipili ya kusaga, kwa kuwa amesikia chakula cha Waingereza hakina ladha?

MhudumuWaZamani

Mwambie mama achukue iliyofungwa dukani, yenye lebo, asichukue ya kusagwa nyumbani. Mezani hakuna atakayemzuia. Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa kuonja za wageni. Ila aimalize kabla ya kufika, kwa sababu kikibaki hata kijiko kimoja atatakiwa kukitaja forodhani New York, na sidhani kama atapenda kumweleza ofisa yule pilipili ya Mikindani ni nini.